Kukusanya vyuma chakavu Arusha kwa kipato cha ziada: nianzie wapi bila kuingia matatani?

Mlinzi wa Njiro

Habari zenu, ndugu zangu. Ninafanya kazi ya ulinzi zamu ya usiku hapa Njiro, Arusha, na mshahara wangu ukishatoa kodi ya nyumba na mahitaji ya shule ya watoto hauachi kitu cha maana. Nikishalala asubuhi ninabakiwa na saa kadhaa za mchana, pamoja na siku zangu za mapumziko, na nimeamua kuzitumia kukusanya na kuuza vyuma chakavu. Shemeji yangu amekubali kunikodishia guta lake, na katika njia ninayopita kwenda Kijenge nimekwisha kuona gereji ambazo nyuma yake kumerundikwa springi, diski za breki na rejeta zilizokufa.

Kabla sijaanza ningependa kuelekezwa mambo machache na wenye uzoefu. La kwanza ni namna ya kutenganisha aina za metali, maana nimesikia kwamba anayepeleka mzigo uliochanganyika hulipwa bei ya chuma cha kawaida hata kama ndani yake mna shaba. La pili ni sheria: je, mtu mmoja mwenye guta anahitaji kibali, au hayo ni ya wenye yadi peke yao? La tatu ni betri. Fundi mmoja ameniambia kwamba atanipa vyuma vyake vyote iwapo nitamwondolea pia betri zilizojaa kwenye stoo yake, na sijui kama hiyo ni neema au ni mtego.

La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Mtaani kwetu mita za maji zimeibwa katika nyumba kadhaa, na sasa kila apitaye na gunia la vyuma anatazamwa kama mwizi. Mimi ni mlinzi, na jina langu likichafuka nimepoteza ajira. Ninaomba kujua jinsi mtu anavyoweza kuifanya kazi hii kwa namna ambayo hata mwenyekiti wa mtaa akimsimamisha njiani atakuwa na la kumwonyesha.

Yadi Unga Limited

Karibu, ndugu. Ninanunua vyuma Unga Limited, eneo la hapa Arusha, na nimeshika mizani kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliye upande wa mnunuzi. Uliyoyasikia kuhusu mzigo uliochanganyika ni kweli. Mnunuzi akiona gunia lenye kila kitu hana namna ya kujua kilichomo chini, naye atajilinda kwa kulipima lote kama chuma chepesi. Anayepata riziki nzuri katika kazi hii ni yule anayeleta mzigo uliokwisha kuchambuliwa, hata kama wenzake wametembea mitaa mingi kuliko yeye.

Kifaa chako cha kwanza kiwe sumaku. Usiinunue, mwombe fundi redio spika iliyoungua, uivunje, utoe ile sumaku ya mviringo iliyo nyuma yake. Chuma cha kawaida na chuma cha kusubu, kama ngoma za breki na bloku nyingi za injini, vitanasa. Shaba, aluminiamu na risasi (ile metali nzito ya kwenye betri) havitanasa, na stenlesi nyingi za jikoni nazo hazinasi au hunasa kwa shida. Kifaa cha pili ni tupa ndogo, kwa sababu rangi ya juu hudanganya. Chukua koki ya maji inayong'aa kama fedha na uikwangue pembeni. Chini pakitokea manjano, hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa kromiamu, nayo ina thamani. Pakitokea weupe wa kijivu, hiyo ni zinki, na bei yake iko chini sana. Watu wengi hutupa koki za aina zote mbili kwenye gunia moja, kisha wanalalamika kwamba mnunuzi amewapunja.

Rejeta zinataka uangalifu wa namna hiyo hiyo. Za magari ya zamani zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na matangi ya shaba ya njano, zikaungwa kwa risasi. Za magari ya sasa nyingi ni aluminiamu yenye matangi ya plastiki. Ukibandua plastiki na vyuma vya pembeni, mzigo wako utapimwa kama aluminiamu safi. Ukiviacha, mnunuzi atakata kilo kwa kukisia, na akikisia hatakisia kwa faida yako. Alteneta, stata na mota za pampu zina nyaya za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, na kuzifungua kunakula muda. Fungua moja kwanza, upime shaba uliyopata, kisha uamue kama inalipa kuliko kuziuza nzima. Makopo ya soda na bia ni aluminiamu, lakini huhitaji takribani makopo 70 ili kupata kilo moja, kwa hiyo usiyafuate barabarani. Yanalipa pale tu unapokuwa na makubaliano na ukumbi wa sherehe au hoteli inayokuwekea magunia.

Kuhusu bei, sitaandika hapa kiwango cha kilo kwa sababu kesho kitakuwa kingine. Jua tu kwamba shaba hufuata soko la dunia. Mwezi Mei 2024 shaba ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani katika Soko la Metali la London, wakati aluminiamu haikufika dola 3,000, na chuma chakavu kipo chini ya hapo kwa mbali. Chuma chetu kwa sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya ndani vinavyoyeyusha chakavu na kutengeneza nondo, kwa hiyo bei yake inategemea pia mahitaji ya ujenzi na gharama ya lori kutoka hapa hadi kiwandani. Ndiyo maana ukilinganisha bei ya Arusha na unayosikia Dar es Salaam utaona pengo, na pengo hilo si wizi wa mwenye yadi.

Wizi wa mizani, hata hivyo, upo, na ninausema waziwazi kwa kuwa unatuchafua sote. Tazama kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo, ambao huikagua na kuigonga muhuri kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Pia beba kitu ambacho uzito wake unaujua, kwa mfano mfuko wa unga wa kilo 10 ambao haujafunguliwa, na uombe upimwe kwanza. Mwenye yadi mwaminifu hatachukia. Akikasirika, geuza guta lako.

Nimalizie na jambo ambalo wageni wa kazi hii hapa Arusha hawalijui. Mzigo wa gereji zetu una majira yake. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha na watalii wamepungua, kampuni nyingi za safari hupeleka magari yao kufanyiwa matengenezo makubwa. Barabara za mbugani zenye matuta madogo madogo zinavunja springi na kuua shokapu za Land Cruiser kwa mwaka mzima, na yote hayo hutolewa katika miezi hiyo. Zungumza na mafundi kabla ya majira hayo hayajafika, uwaachie namba yako, na uwe na siku maalumu ya kupita. Fundi hapendi kuwa na lundo linalomziba, na atampa yule anayekuja siku aliyosema hata kama bei yake imepungua kidogo.

Mama wa Pasua

Mdogo wangu, nakujibu kutoka Moshi, ambako ni mjumbe wa serikali ya mtaa na nimesuluhisha kesi nyingi za namna unayoiogopa. Hofu yako ni ya haki, na ni afadhali ukaanza nayo kabla ya kuanza na sumaku.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Tafakari maneno hayo ya sababu ya kuamini. Mtu akikuletea mita ya maji yenye namba yake, kipande cha waya mnene wa umeme, kibao cha alama ya barabarani au bolti ya reli, huwezi kusimama mahakamani ukasema hukujua. Vitu hivyo haviuzwi na mtu binafsi. Na vikiwa ni miundombinu ya umma, shauri linaweza kupanda hadi kuwa la uhujumu uchumi, ambako hata dhamana huwa ngumu.

Sisi watu wa Kaskazini tunapaswa kuliona jambo la reli kwa uchungu wa pekee. Njia ya Tanga, Moshi na Arusha ilikaa miaka mingi bila treni, na katika kipindi hicho wapo waliodhani kwamba mataruma na bolti zake havina mwenyewe. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Bolti moja inayong'olewa leo ina behewa lenye watu juu yake. Mita ya maji nayo ni vivyo hivyo kwa kiwango chake: anayeing'oa anauza kipande cha shaba ya njano kinachojaa kiganja, na nyumba nzima inabaki bila maji huku barabara ikigeuka tope.

Jirani zetu Kenya wameonyesha biashara hii inavyoweza kufungwa yote kwa sababu ya wezi. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, na zuio likaja kuondolewa Mei. Waliokuwa wakiokota kwa uaminifu walikaa njaa pamoja na wahalifu.

Kuhusu vibali, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi zinaipa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mamlaka ya kutoa vibali kwa wanaokusanya, kuhifadhi na kusafirisha taka hizo, na wafanyabiashara wa vyuma chakavu wamekuwa wakikumbushwa mara kwa mara kwamba vibali hivyo vinawahusu. NEMC wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha. Usiulize kijiweni, nenda ofisini kwao, ueleze ukubwa wa kazi yako, uelezwe unachotakiwa kuwa nacho. Pita pia kwa ofisa biashara wa Halmashauri ya Jiji kuhusu leseni, na TRA upate namba ya mlipakodi kama huna. Usiiogope TRA: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya makadirio.

Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako kabla hajakusimamisha yeye. Mweleze unachotaka kufanya, omba barua ya utambulisho, na mwambie ni gereji zipi utakazochukua mzigo. Nunua daftari gumu, na kila unapochukua chuma andika tarehe, jina la aliyekupa, namba yake ya simu, aina ya mzigo na kilo zake, naye aweke sahihi. Hapo utakuwa na hilo la kumwonyesha uliloliuliza. Nimeona vijana wawili wakikamatwa na mizigo inayofanana kabisa. Aliyekuwa na daftari alirudi nyumbani siku ileile, na mwenzake akalala mahabusu hadi mwenye gereji alipopatikana.

Usinunue chochote kutoka kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na kuokota vyuma vyenye ncha kwenye majalala si kazi nyepesi. Zaidi ya sheria, mtoto anayejua kwamba kuna mtu atampa pesa kwa kipande cha chuma ataanza na sufuria ya mama yake, kisha atahamia kwa jirani.

Kijana wa Mbauda

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona hawajamwambia kuhusu nyaya, ambazo ndizo zenye shaba safi. Ndugu Mlinzi, nyaya mbovu za majumbani na za magari zinapatikana kwa wingi kwa mafundi umeme. Wengi wetu huzichoma jioni mahali pasipo na nyumba karibu, plastiki ikaisha, kisha tunaosha shaba na kuipeleka yadi. Kuzimenya kwa kisu moja moja kunachukua siku nzima, na mtu mwenye kazi nyingine hana siku hiyo.

Nesi wa Majengo

Kaka wa Mbauda, nakuheshimu kwa kusema wazi kile ambacho wengi hufanya kimya kimya, lakini ninakuomba uache, na ninamwomba Ndugu Mlinzi asianze. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki yenye klorini ndani yake. Likiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza koo na mapafu ya aliyesimama karibu, pamoja na dayoksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka na zinahusishwa na saratani. Mahali pasipo na nyumba panaweza kuwa malisho ya ng'ombe wa mtu, na sumu hizo hupanda kwenye maziwa. Hata kwa hesabu ya fedha hupati faida unayodhani, kwa sababu shaba iliyochomwa huwa nyeusi na yenye magamba, na mwenye yadi hushusha daraja lake. Chukua ubao, pigilia misumari miwili ukiacha nafasi ya waya kupita katikati, funga wembe wa kisu cha kukatia kadibodi, wembe huo ulale juu ya nafasi hiyo, kisha uvute waya. Ganda litapasuka kwa urefu na kubanduka kwa mkono. Nyaya nene zinafaa kumenywa hivyo. Nyembamba ziuze na ganda lake.

Sasa niende kwenye betri, kwa sababu hapo ndipo nina hofu kubwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni tindikali ya salfa. Risasi haionekani mwilini kama jeraha. Inaingia kwa vumbi, inakaa kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hazimrudishii mtoto akili iliyopotea. Anayevunja betri uani ili auze risasi iliyomo anaifanya nyumba yake kuwa Owino Uhuru ndogo, na nguo alizovaa zinapeleka vumbi hilo kwa mtoto anayempakata jioni.

Jambo jingine ni vitu usivyovijua. Novemba 2017, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, bomu liliua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Mwanafunzi aliyelileta alidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Huku kwetu yapo maeneo ambayo majeshi hufanyia mazoezi, na wafugaji hupita humo. Ukiona kitu chenye umbo la yai, la chupa au la mkuki mfupi mnene, kikiwa na kutu na huelewi kilitumika wapi, usikiguse wala usikipige nyundo. Weka alama kwa mbali na uite polisi. Mitungi iliyozibwa na matangi ya mafuta usiyakate kwa moto. Shokapu nazo zina mafuta na mara nyingi gesi yenye mgandamizo, kwa hiyo usizitoboe mwenyewe.

Vaa buti ngumu na glavu za ngozi, na kabla ya kuanza pita zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Vidonda vya bati lenye kutu tunaviona kila wiki, na wengi hufika wakiwa wamevifunga kwa kitambaa tangu juzi.

Mhunzi wa Mamba

Nami niongeze moja dogo. Si kila springi inapaswa kwenda mizani. Sisi wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, tumekuwa tukifua mikuki, visu na majembe kwa vizazi vingi, na siku hizi malighafi yetu ni chuma chakavu. Majani ya springi za magari makubwa ni chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali, na ndicho tunachokitafuta. Nondo laini haikai ncha. Mikuki tunayoifua hununuliwa na Wamasai na pia na wageni, na kwa jani zuri la springi lisilo na ufa mhunzi anaweza kukupa bei inayopita ya kilo ya yadi, kwa sababu yeye analipia ubora. Kwa hiyo unapochambua, yale majani yaliyonyooka na yasiyopasuka yaweke kando. Chunguza hasa karibu na tundu la katikati, ambako nyufa huanzia. Fundi wa majiko na wa mageti hapo Arusha naye atachagua mabomba na bapa nzima kabla hujazipeleka zikakatwe.

Mlinzi wa Njiro

Ninawashukuru sana wote. Mama wa Pasua, nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wetu, naye amesema ataniandikia barua nikimpelekea majina ya gereji. Nesi, ule ubao wa wembe nitautengeneza.

Limebaki la betri. Nimerudi kwa yule fundi nikamwambia nataka vyuma peke yake, naye akakataa. Anasema waliotangulia walikuwa wakimwaga maji ya betri mtaroni ili mzigo uwe mwepesi, na hakuna aliyewauliza. Ana springi nyingi nzuri na rejeta za zamani za shaba, na kusema kweli ninazitamani. Je, nikizibeba betri zikiwa nzima, bila kuzifungua, na kuziuza siku hiyohiyo, kuna ubaya?

Yadi Unga Limited

Upo, ndugu. Ukizipakia kwenye guta unakuwa msafirishaji wa taka hatarishi bila kibali, na guta likipinduka kwenye mteremko maji yale yatakuwa juu ya miguu yako na ya wapita njia. Isitoshe, utahitaji mtu wa kukununulia, na anayenunua betri kutoka kwa mtu asiye na karatasi mara nyingi ni yule yule anayezivunja uani.

Mrudie fundi na pendekezo la tatu. Ulizia NEMC wakupe majina ya wakusanyaji wa betri chakavu wenye kibali kwa kanda yetu, kisha umwunganishe fundi nao moja kwa moja. Wao huja na gari, huzibeba zikiwa zimesimama na maji yake ndani, na humlipa yeye mwenyewe kwa uzito; kwa hiyo atapata fedha ambayo kwa sasa haipati, na stoo yake itakuwa wazi. Mwambie kwamba ujira wako wa kumtafutia ni vyuma vilivyo nyuma, kwa bei mtakayopatana na kuiandika kwenye daftari. Mwambie pia kwamba ule mtaro anaosema unateremka kwenye mashamba ya watu, na kwamba siku mkaguzi atakapofika, mwenye gereji ndiye atakayeulizwa, maana aliyemwaga atakuwa ameshaondoka.

Akikataa hata hilo, mwache na lundo lake. Kutoka Njiro hadi Kijenge gereji ni nyingi, na Sakina ziko nyingine. Ukipata mzigo wako wa kwanza uliochambuliwa, njoo asubuhi kabla ya saa nne, kabla malori hayajaanza kupakia, ili tuupime bila haraka na wewe ukiwa unasoma mizani mwenyewe.